Wa Kwanza Kulala Mezani

Daktari Pruitt aliingia chumba cha kulia chakula na theluji imemjaa mabegani. Akaizunguka ile meza ya mwaloni, akaipiga kofi kama mtu anayekagua farasi mnadani, akasema, "Hapa hapa. Tutampasulia hapa."

Ottilie, mwenye nyumba, akaikinga meza kwa mkono. "Hapa mezani, daktari? Si ipo ya jikoni?"

"Ya jikoni fupi, na jikoni kwenyewe giza. Sikiliza, mama. Kidole tumbo cha mwanao kimevimba vibaya. Nikikaa kusubiri kitapasuka chenyewe humo ndani. Hospitali leo hatufiki, farasi wangu amezama mpaka tumboni kwa kuja hapa tu. Na hii meza ni ndefu, nzito, haitikisiki, ina taa za umeme kila pembe. Aliyeichora kama vile alinifikiria mimi."

Aliyeichora hakumfikiria daktari hata chembe. Aliyeichora alikuwa Bwana Thorley, msanifu majengo, ambaye ndiye aliyewajengea akina Brandauer ile nyumba ndefu ya matofali nje ya Chicago, na kuta hazikumtosha. Alichora viti, alichora mazulia, alichora taa, na kidogo amchoree Ottilie gauni la kupokelea wageni linaloendana na mapazia, mpaka mumewe Emil akasema mke wake anaye fundi cherehani, asante. Lakini meza ndiyo ilikuwa roho yake. Mwaloni mweupe, umepasuliwa kwa namna ya kutoa ile michirizi inayong'aa, ukafungiwa kwenye mvuke wa amonia mpaka ukageuka rangi ya tumbaku. Kila pembe ilisimama nguzo ya mbao yenye taa juu yake, taa ya vioo vya manjano na kijani, na nyaya zake zilishuka ndani ya nguzo mpaka chini ya sakafu. Kwa sababu hiyo meza ilifungwa kwa bolti, haisogei. Isitandikwe kitambaa. Isiwekwe chombo ambacho yeye hakukikubali. Siku moja alialikwa chai, akaona Ottilie ameweka maua kwenye chombo cha bluu alichopewa na dada yake. Hakusema neno, akakinyanyua, akakitia kabatini, akafunga mlango, akakaa kunywa chai yake.

Na Ottilie, badala ya kukasirika, akajiona yeye ndiye mshamba. Tusimfiche jamani, aliipenda ile meza. Alikuwa binti wa mwoka mikate wa Milwaukee, amekulia kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha mpira chenye picha za matunda, na msimu mzima wa baridi alimwandama Emil mpaka akakubali kuinunua. Meza ya duara, iliyokuja na mama mkwe, ilipelekwa banda la magari kuwekewa makopo ya rangi.

Mama mkwe aliitwa Walburga. Siku meza mpya ilipoletwa alisimama mlangoni akapiga ishara ya msalaba.

"Ubao mrefu," alisema, "taa pembe zote nne, na mwisho wa ubao unatazama mlango. Kwetu huu ni ubao wa maiti."

Kwao, vijiji vya msituni kule Bavaria, marehemu hulazwa juu ya ubao na mishumaa, miguu ikielekea mlangoni, mpaka siku ya kuzikwa. Kisha ubao wenyewe husimamishwa kando ya njia na jina lake juu. Wa baba yake Walburga ulikuwa bado unasimama, au ndivyo alivyoamini. Na zaidi ya hapo yeye alikuwa na imani yake, ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: kwamba ubao mpya haukai na njaa, humchukua wa kwanza anayelala juu yake. Tangu siku ile alikula jikoni, sahani magotini. Hata Krismasi.

Ottilie akavumilia, akavumilia, mpaka siku moja wageni wamejaa, na bibi huyo anapita na sahani yake kuelekea jikoni, uvumilivu ukamwishia. "Tulia basi, Mama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Siku ukifa tutakulaza wewe hapo, uwe wa kwanza, roho yako itulie!"

Wageni wakacheka. Walburga akasimama, akafikiri kidogo.

"Sawa," akasema. "Mradi niwe mimi."

Na sasa wa kwanza angekuwa Leni, mtoto wa miaka sita.

Emil alikuwa Chicago kazini. Treni zimesimama kwa theluji na simu imekufa tangu asubuhi. Kwa hiyo neno lote lilikuwa la Ottilie, na hakukuwa na neno ambalo siku ile alitaka lisimtoke kinywani kuliko hilo. Alimwangalia daktari, akaangalia dirisha ambalo mwanga wake ulikuwa tayari unaanza kufifia, akasikia mtoto analia kule juu. "Fanyeni," akasema.

Basi nyumba ikageuka. Nesi Hagerty, mwanamke mnene aliyekuja na daktari kwenye kigari cha theluji, alipandisha mikono ya gauni akaanza kuisugua meza kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa dawa kali iliyowatoa wote machozi. Ile nta ambayo Ottilie aliipaka kila Jumamosi kwa mikono yake, hakumwachia hata mtumishi, ikageuka nyeupe na kuanza kuchunika. Moyo wake ukashtuka kwa ajili ya nta. Nta! Mtoto anakufa juu na yeye anasikitikia nta. Aliona aibu hata akageuka asitazamwe usoni.

"Moto huo uzimwe," daktari alisema, akionyesha mahali pa moto pale ukutani. "Mvuke wa dawa hii ya usingizi ukikutana na moto tutaondoka sote pamoja na paa. Shukuruni mna umeme. Nyumba yenye taa za mafuta nisingethubutu."

Walburga, aliyekuwa amesimama pembeni na shali yake, alijibu, "Moto wa kuoka ng'ombe mzima, na siku ya baridi kama hii ndiyo tunaumwagia maji." Lakini aliuzima yeye mwenyewe.

Daktari akawasha zile taa nne za pembe za meza. Chumba kikajaa mwanga ule mzuri wa asali ambao wageni wote walikuwa wakiusifia. Akanyoosha mikono yake chini ya taa, akaigeuza.

"Ebo! Taa gani hizi? Mikono imekuwa ya mgonjwa wa ini. Nitatofautishaje damu na usaha? Hivyo vioo vitolewe."

"Havitoki," Ottilie alisema. "Vimeshikizwa ndani ya mbao. Bwana Thorley alisema..."

"Bwana nani?"

Ottilie hakumalizia. Alikwenda kwenye ndoo ya makaa, akachukua nyundo ya kuvunjia makaa, akarudi, akapiga cha kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea. Akapiga cha pili, cha tatu, cha nne, vipande vya manjano na kijani vikamwagika zuliani, na balbu zikabaki uchi zikitoa mwanga mweupe, mkali, usio na adabu. "Hapo sawa," daktari alisema. "Zikisaidiana na dirisha tutaona."

Walburga akasogea hatua moja. "Daktari, kichwa cha mtoto kitakaa wapi?"

"Kule. Miguu huku."

"Huku mlangoni?"

"Ndiyo, bibi. Mlangoni."

"Mgeuze."

"Simgeuzi. Kidole tumbo kiko upande wa kulia, na dirisha liko upande huu. Nikimgeuza, pale ninapopasua patatazama ukuta, nitakuwa napapasa gizani."

"Basi geuza meza."

Daktari akamtazama Ottilie, kana kwamba anauliza, huyu mzee ni mzima? Lakini Ottilie alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, anashika bolti kwa vidole. Zilikuwa za shaba, vichwa vyake vimezamishwa ndani ya mbao na kuzibwa vizuri ili zisionekane. Siku zilipofungwa alikuwa amesimama hapo hapo akijisifu kwamba meza yake imeota mizizi nyumbani. Alivuta mpaka kucha ikavunjika.

Yeye hakuamini mambo ya mbao za maiti. Alisoma shule, alizaliwa Amerika, alikuwa na umeme. Lakini alikaa pale chini ya meza, na hofu ikamjia wazi wazi: kama Leni atakufa, atakuwa amekufa juu ya kitu ambacho mama yake alikililia akipate. Na lile neno alilomtupia mama mkwe mbele ya wageni lilikuwa limerudi kutafuta mtu mwingine.

"Mlete mtoto," daktari alisema, akienda jikoni kuosha mikono. "Mwanga hautungojei."

Leni alikuwa amejikunja kitandani, magoti yamegusa kidevu, nywele zimelowa jasho. Ottilie alimzungushia blanketi akamnyanyua. Alikuwa anawaka kwa homa.

"Tunakwenda wapi, Mama?"

"Chini. Daktari atakulaza mezani kidogo, akutoe kinachouma."

Walipofika ngazini mtoto akainua kichwa. "Meza ile? Bibi alisema ile mbaya."

"Bibi anatania."

"Bibi hatanii," Leni alisema. "Bibi hajui kutania."

Ottilie alishuka akishika ukuta. Alipofika mlango wa chumba cha kulia akasimama, nusura amwangushe mtoto.

Walburga alikuwa amelala juu ya meza.

Amelala chali, amejinyoosha, viatu amevivua na kuvipanga vizuri sakafuni. Miguu yake, kwenye soksi nene za sufi zilizotiwa viraka, ilitazama mlango. Mikono ameikunja kifuani, macho amefumba, na balbu zile zinammulika uso wote. Alikuwa mwanamke mfupi. Juu ya meza ile alionekana mdogo zaidi, na Ottilie hakuwahi kuona jinsi alivyozeeka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakuwa wa kwanza," Walburga alisema bila kufumbua macho. "Si ulisema? Niache kidogo."

Nesi akatokea nyuma ya Ottilie, kutoka jikoni, na mashuka yaliyochemshwa, bado yanatoa mvuke. "Mungu wangu! Meza nimeshaisafisha! Shuka, mama, shuka upesi! Nitaanza upya kusugua sasa? Daktari! Njoo uone huku!"

"Baba yetu uliye mbinguni," Walburga akaanza, polepole, kwa lugha ya kwao.

Nesi akataka kupita. Na Ottilie, ambaye mpaka leo hawezi kueleza kilichomwingia, akajiweka katikati ya mlango na mtoto mikononi, akaziba njia.

"Mwache amalize."

"Umechanganyikiwa? Mwanga huo unaondoka!"

"Naona. Mwache amalize."

Daktari naye akaja, mikono imeinuliwa juu inatona maji, akafoka kwamba amekuja kufanya kazi siyo kuhudhuria misa. Ottilie hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka, Leni anagugumia shingoni mwake, dirisha linazidi kuwa la kijivu, na yule mzee wala hakuharakisha. Alilitamka kila neno mpaka mwisho, akasema amina. Kisha akajaribu kuamka akashindwa, mgongo umekataa. Ikabidi nesi amvute kwa mkono, huku akinung'unika maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Walburga alivaa viatu vyake. Akamgusa Leni shavu kwa kidole kimoja. "Sasa mlaze," akamwambia Ottilie. "Ubao umeshapata wake."

Akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. "Nina mambo yangu ya kutengeneza," alisema.

Meza ikasuguliwa tena, shuka likatandikwa, Leni akalazwa, miguu mlangoni. Ottilie aliona kikapu kidogo cha waya, kimefunikwa kitambaa kilicholowa dawa ya usingizi, kinashushwa puani kwa mwanawe, akasikia harufu tamu inayochefua, akasikia mtoto anaambiwa ahesabu na sauti yake inayeyuka njiani. Nesi akamtoa nje akafunga mlango.

Alikaa jikoni. Hakuomba; hakuwa na maneno. Alisikia vyuma vinawekwa kwenye beseni. Alisikia daktari anasema "hapa, hapa, shika," kisha kimya, kisha tusi moja fupi. Lile tusi lilimkata maini. Kwa nini daktari atukane? Akachukua viazi akaanza kumenya, akamenya kimoja mpaka kikaisha chote mkononi.

Daktari alipotoka, mwanga wa dirisha ulikuwa umekwisha kabisa.

"Kimetoka," alisema, akikaa kitini kwa nguvu. "Kilikuwa kimeanza kuvuja. Si sana. Nimesafisha nilivyoweza. Homa ikishuka kufikia asubuhi, utamlea. Isiposhuka..." Akachukua kikombe cha kahawa bila kumalizia.

"Daktari, ule muda. Ule wa sala. Umeleta madhara?"

Pruitt akakishusha kikombe. Hakuwa mtu mbaya. "Sijui, mama," alisema. "Nikisema hapana nitakuwa nakudanganya. Sijui."

Usiku ule tuuache. Mama yeyote aliyekaa kando ya mtoto mwenye homa anaujua, na asiyeukaa Mungu amwepushe nao. Inatosha kusema kwamba Ottilie aliuza kila kitu alichokuwa nacho, kimoja kimoja, kwa yeyote wa mbinguni aliyekuwa anasikiliza, mradi mtoto apone: nyumba, umeme, mazulia, na meza kwanza kabisa. Na kila alipofumba macho aliona zile soksi zenye viraka zinatazama mlango.

Asubuhi theluji ilikoma. Jua likaingia, nesi amesinzia kitini mdomo wazi, na Leni akafumbua macho, akayazungusha chumbani, akasema kwa sauti kavu, "Nataka tango la siki."

Ottilie alimwekea mkono kwenye paji la uso. Lilikuwa na unyevu, na lilikuwa la baridi. Akaweka mkono mwingine, maana hakuuamini wa kwanza.

"Nesi! Nesi, anataka tango la siki!"

Nesi Hagerty akazinduka, akamshika mtoto mkono, akamgusa shingo, akainamia tumbo, na uso wake mnene ukafunguka wote. "Hulipati," alimwambia Leni, "wala wiki hii wala ijayo. Lakini endelea kulitaka, mwanangu. Litake kwa nguvu zote."

Ottilie alicheka, akalia, akakimbia kumwambia mama mkwe. Na hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu jana jioni hakuna aliyemwona. Hakushuka kula. Hakuuliza habari. Mlango wake ulikuwa umefungwa na ndani hapasikiki kitu. Ottilie alisimama na mkono kwenye kitasa, na ile furaha yote ikamwisha mwilini. Ubao umeshapata wake. Si alisema mwenyewe? Akafungua.

Walburga alikuwa kitandani, juu ya shuka, chali. Amevaa lile gauni jeusi la hariri alilokuja nalo kutoka ng'ambo, lile alilokuwa akimwambia kila mtu kwamba ni la kuzikiwa. Nywele amezichana na kuzisuka. Rozari imezungushwa vidoleni. Kitanda chenyewe alikuwa amekivuta, peke yake, Mungu anajua kwa nguvu gani, mpaka miguu ikatazama mlango.

"Mama," Ottilie akanong'ona.

Kimya.

"Mama!"

"Amekufa?" Walburga akauliza bila kufumbua macho.

Ottilie akaachia kitasa, akaingia ndani. "Hajafa. Homa imeshuka. Anadai tango la siki."

Kifua cha yule mzee kikapanda na kushuka chini ya hariri. Kisha akafumbua jicho moja.

"Na mimi je?"

"Wewe je nini?"

"Mbona bado nipo?"

Ottilie akapiga magoti kando ya kitanda akaweka kichwa chake kwenye yale magoti magumu, akalia kama hajawahi kulia tangu aolewe. "Nisamehe, Mama. Lile neno. Mbele ya watu."

"Ulilisema," Walburga alisema. "Nikaliweka, nikajua litanifaa."

"Ulilala pale kweli ukitaka kwenda?"

"Ulidhani nacheza? Kwa mgongo huu nipande mezani kwa mchezo?" Mkono wake ukatua kwenye nywele za Ottilie, ukakaa pale. Hakuwa amewahi kumgusa hivyo. "Nililala usiku kucha nasubiri. Kila mbao ya ngazi ikilia nasema, haya, ndio hao wanakuja kunichukua. Hawakuja. Miguu imekufa ganzi, na njaa inanisokota. Sijala tangu jana mchana. Nani anakula akiwa anaenda kufa? Niinue."

Ottilie akamwinua. Wakashuka ngazi pamoja, mmoja kwa hariri ya kaburini, mwingine kwa aproni yenye madoa. Ottilie alikuwa anamwongoza kuelekea jikoni, kama kila siku, lakini Walburga akageukia chumba cha kulia.

Meza ilikuwa na mabaka meupe kila mahali, na katikati doa moja jeusi ambalo halikuja kutoka tena. Vipande vya vioo vilikuwa bado vimelala zuliani. Walburga alivuta kiti kimoja cha Bwana Thorley, chenye mgongo mrefu, akakaa, akajaribu kuegemea.

"Kiti kibaya," akasema.

"Kibaya sana," Ottilie akakubali.

Mzee akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao, akaipapasa, kisha akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Umenikataa," akaiambia meza. "Basi nilishe."

Ottilie akaenda jikoni kuleta mkate. Akarudi nao pamoja na siagi na kahawa, na kabla hajaviweka alifungua kabati, akatoa kile chombo cha bluu, akakisimamisha katikati, juu ya doa.